Mikono Iliyompokea Anisia

Glikeria alizaliwa katika ukoo wa Monoliko. Ukoo huo uliwahi kutoa majemadari wawili na mtunza hazina mmoja, lakini alipozaliwa yeye ulikuwa umebakiwa na nyumba ya mawe karibu na ukuta wa mashariki wa Thesaloniki, shamba dogo la mizeituni nje ya mji, na majivuno. Mizeituni aligawana na kaka zake. Majivuno aliyarithi yote.

Mama yake, Evprepia, alimfundisha kusoma Zaburi, kufuma hariri na kuwajua jamaa. Jioni, wasichana wa nyumba nyingine walipokuwa wakiimba huku mikono ikifanya kazi, Glikeria alikuwa akitaja majina: nani kamwoa nani, nani binamu wa nani na kwa upande upi, nyumba ipi inaoleka na ipi damu imekaribiana mno. Kwetu elimu hiyo si mchezo. Ndoa ya watu wa damu moja askofu huivunja, na watoto wakabaki hawana jina. Wala si damu peke yake. Anayempokea mtoto mikononi anapotoka kisimani mwa ubatizo huwa mzazi wake wa pili, na undugu huo ni mzito kuliko ule wa tumbo. Watoto wa mpokeaji na mtoto aliyepokewa ni kaka na dada. Hawaoani kamwe.

"Damu hukuichagua," Evprepia alimwambia. "Mume tutakuchagulia sisi. Kisima ndicho utakachochagua mwenyewe, kwa hiyo fumbua macho. Ukishampokea mtoto wa mtu, mama yake ataingia kwako kwa mlango wa mbele mpaka ufe."

Walimwoza kwa Evstathi Levuni, nahodha wa wapanda farasi, mtu wa sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi. Evstathi alikuwa na shamba alilopewa na mfalme kwa ajili ya utumishi wake, la kula maisha yake tu. Walizaa watoto kadhaa, akabaki mmoja, Leontio.

Mtoto huyo alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutamka maneno wakati Evstathi aliponusurika kufa maji. Mto Vardari ulikuwa umefurika, farasi wake akateleza kivukoni, na uzito wa deraya yake ya chuma ukamvuta chini. Aliyemtoa hakuwa askari. Alikuwa Prodromo, mtengeneza mishumaa, aliyekuwa akirudi mjini na punda wake wawili waliobeba mafuta ya kondoo. Alimshika nahodha kwa nywele akamburuta mpaka kwenye matope. Evstathi alipomaliza kutapika maji alimwuliza anataka nini. Prodromo akasema hataki kitu, ila mkewe ni mjamzito, wamwombee ajifungue salama.

"Mtoto huyo," Evstathi akapaza sauti mbele ya kikosi kizima, "mke wangu atampokea kisimani kwa mikono yake!"

Alirudi nyumbani akiwa na furaha, akamweleza mkewe jinsi alivyolipa uhai wake. Glikeria alitabasamu. Moyoni alihisi kama amevuliwa nguo sokoni.

Kufikia siku ya ubatizo Evstathi alikuwa mpakani kaskazini. Prodromo alikuja mwenyewe na kikapu cha mayai na mshumaa wa nta safi, akasimama uani akikanyaga kwa vidole kana kwamba sakafu ingeumia.

"Bibi, ni mtoto wa kike," alisema. "Nilikuwa nataka kukuomba radhi kwa hilo, lakini mama yake kaniambia nikithubutu atanitia kwenye sufuria ya nta."

Glikeria akacheka kidogo bila kutaka. "Lini?"

"Jumamosi Kuu, bibi. Pamoja na watoto wengine wote."

"Nitakuja," alisema.

Evprepia alikuwa amesikiliza nyuma ya pazia. Prodromo alipoondoka alitoka, akalichungulia lile kapu la mayai kama mtu anayetazama panya aliyekufa.

"Mtengeneza mishumaa! Na tena wa mafuta ya kondoo, nta anaigusa sikukuu tu. Utanuka mafuta mpaka ndani ya jeneza, mwanangu. Mkewe atakuita 'mwenzangu' mbele ya wake za maofisa."

"Nifanyeje, mama? Kukataa mtoto kisimani ni dhambi. Na Evstathi aliapa mbele ya kikosi."

"Sijasema ukatae."

Hakusema zaidi, wala haikuhitajika. Katika nyumba hiyo mambo mabaya yaliachwa nusu ili mwingine ayamalizie. Glikeria aliyamalizia. Alikuwa na mjakazi, Velika, msichana aliyenunuliwa kutoka vijiji vya Waslavi ng'ambo ya mto, mrefu kama yeye na mwembamba kama yeye. Jumamosi Kuu asubuhi alimvika joho lake la buluu na shela nene, na kwa watu akatangaza kwamba ana jipu shavuni.

"Bibi, na padre akiniuliza?" Velika alisema. Aliivuta shela karibu zaidi na uso.

"Hatakuuliza jina. Wako watoto chungu nzima leo, na yeye haoni vizuri. Atakuuliza kama unamkana Shetani. Sema namkana."

"Hilo naliweza."

"Kisha utageuka magharibi uteme mate."

"Hilo naliweza zaidi," Velika alisema. Glikeria akamkaripia asifanye mzaha na mambo matakatifu.

Ndivyo alivyosema, bila kuona haya. Na saa ile ile ambayo Velika alikuwa amesimama kanisani katikati ya vilio na mvuke wa pumzi za watu, akimpokea mtoto aliyelowa na kumfunga kitambaa cheupe, Glikeria alikuwa ameketi katika nyumba ya watawa aliyoiongoza shangazi yake, Mama Ksena, pamoja na wanawake wengine wa jamaa zake. Aliwaeleza hila yake. Walimsifu. Akasema neno moja juu ya mtoto yule lililowafanya wote wacheke, hata shangazi mwenyewe akapangusa machozi kwa ncha ya ushungi wake. Kristo alikuwa bado kaburini, na watu waliojiita wema walikuwa wakicheka.

Mtoto aliitwa Anisia.

Arobaini ya uzazi ilipokwisha, Semni, mke wa Prodromo, alikuja na mtoto mgongoni. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono myekundu ya kazi ya moto na ulimi usiojua kuteua. Aliingia kwa mlango wa mbele.

"Mzazi mwenzangu!" aliita tokea uani. "Mtoto wako huyu analia kama baharia. Jipu lako limepona?"

"Limepona," Glikeria alisema.

"Nilikuombea. Prodromo aliniambia ulivyokuwa unatetemeka pale kisimani, nikasema maskini, ana maumivu na bado kaja. Si wengi wangekuja."

Kwenye kona ya chumba Velika aliinama akakusanya nyuzi ambazo hazikuwa zimeanguka.

Kuanzia hapo Semni alikuja kila Pasaka na mshumaa mkubwa, na Anisia alipoanza kutembea alifundishwa kuubusu mkono wa mama yake wa ubatizo. Glikeria aliutoa mkono. Evstathi aliporudi kutoka mpakani alimkumbatia Prodromo hadharani na kumwita ndugu, na Glikeria hakuona sababu ya kumweleza mumewe yale yaliyofanyika. Evprepia akafa na siri yake. Kanisani Semni alipompungia mkono toka upande wa mafundi, Glikeria aliinamisha kichwa kidogo sana, kiasi cha kuonekana na Semni na kutoonekana na wengine.

Kisha Evstathi akafa kwa homa kambini, na shamba la mfalme likarudi kwa mfalme. Kaka zake Glikeria walileta pole na udhuru. Wake zao waliacha kumwalika, kwa kuwa mjane asiye na shamba huketi mahali pa mtu mwingine. Kwaresima ya mwaka ule Glikeria na mwanawe walikula kunde na zeituni, na Kwaresima ilipokwisha waliendelea kula kunde na zeituni.

Waliokuja ni Prodromo na Semni. Walileta unga, samaki wa chumvi, jibini, na kondoo mzima wa Pasaka.

"Usinishukuru," Semni alisema, akimsukumia Velika kikapu. "Ningekuwa naleta kwa jirani ungenishukuru. Huku naleta kwetu."

Prodromo naye alikuwa amepanuka kwa kazi. Sasa alikuwa akiuzia makanisa nta na ana wafanyakazi. Alisema angependa kijana Leontio aje karakana ajifunze hesabu za biashara. "Si kama kibarua, bibi, Mungu apishe mbali. Anakuja kwa baba yake wa roho. Nani atashangaa?"

Glikeria alikubali. Hapo ndipo ubaya wake wa kwanza ulipozaa ubaya mkubwa kuliko wenyewe. Kudharau watu ni dhambi ya kawaida. Karibu kila nyumba yenye jina inayo. Lakini yeye alikula chakula cha undugu alioutupa. Alivaa, akapasha nyumba moto na kumlea mwanawe kwa haki isiyo yake, miaka baada ya miaka, na kila mwaka uliopita ulifanya iwe vigumu zaidi kufungua kinywa.

Nao wale watoto wakakua. Prodromo alikuwa mkali kwa binti yake kama baba yeyote wa kwetu. Hakuna kijana aliyevuka kizingiti cha vyumba vya wanawake. Ila Leontio, kwa sababu Leontio alikuwa kaka. Kaka alikula meza moja na Anisia, alimfundisha kusoma, alimcheka alipokosea, alimtengenezea kalamu ya unyoya. Anisia alipokuwa na umri wa kuposwa alikataa wachumba, na mama yake akasema binti anampenda Mungu. Leontio akawa mkimya, akakonda. Glikeria aliona. Alijiambia ni ujana.

Prodromo ndiye aliyewakuta, ghalani, nyuma ya marundo ya nta. Walikuwa wameshikana mikono na wanalia. Lingekuwa jambo dogo kwa watu wengine. Prodromo alinyakua upawa wa kuchotea nta akampiga nao Leontio begani huku akipiga kelele kwamba ni dada yake, ni dada yake, na mtaa mzima ukasikia.

Kufikia jioni habari ilikuwa imefika kwa askofu. Hukumu kila mtu aliijua kabla haijatamkwa. Kaka na dada wa kisimani waliopendana kwa mwili au kwa nia: msichana atanyolewa nywele na kuwekwa katika nyumba ya watawa milimani, kijana atachapwa na kufukuzwa mjini. Kesi ilipangwa kusikilizwa baada ya sikukuu ya Mtakatifu Dimitri.

Leontio alirudi kwa mama yake, bega limevimba.

"Sikumgusa, mama," alisema. "Lakini sitakudanganya. Kama angekuwa binti wa mtu mwingine yeyote ningekuja kukuomba umpose. Naamka nikijichukia, nalala nikijichukia. Ni mtu gani anayempenda dada yake hivyo?"

Glikeria angeweza kusema wakati ule ule. Alimpaka siki begani akamwambia alale.

Siku ya pili yake Semni alikuja. Hakuita toka uani. Aliingia amejifunika uso kama aliyefiwa, akaketi sakafuni, si kitini.

"Nimekuja kukuomba msamaha, mzazi mwenzangu."

"Wewe? Unisamehe wewe, Semni."

"Nikusamehe nini? Binti ni wangu. Nimekaa nikifikiri nilikosea wapi. Pengine nilimdekeza. Pengine wakati wa ubatizo nilikuwa na wazo chafu kichwani, likamwingia. Ulinipa heshima ambayo mwanamke kama mimi haioni mara mbili, na hivi ndivyo nyumba yangu ilivyokulipa. Nimemfungia chumbani. Hali chakula. Ananiuliza, mama, kwa nini Mungu alinipa moyo huu kisha akanikataza? Nimjibu nini? Wewe una elimu. Nimjibu nini?"

Glikeria aliufungua mdomo. Alimwona Semni akiwaambia wanawake wa sokoni, akaona kaka zake wakisikia, na watu kanisani wakigeuka kutazama. Akaufunga mdomo.

"Mwambie aombe," alisema.

Semni akaushika mkono wake, akaubusu, akaenda zake.

Velika alikuwa mlangoni. Alikuwa ameshakuwa mtu mzima sasa, nywele zimeanza mvi pembeni.

"Utasema lini, bibi?"

"Nyamaza."

"Miaka yote hii nimenyamaza. Nilinyamaza ulipokuwa unampa mtoto mkono wako abusu, nami nimesimama hapa hapa na sinia. Yule ni mtoto wangu. Mimi ndiye niliyemkania Shetani. Unajua kwamba nafunga kila Jumatano kwa ajili yake? Hujui. Ulidhani sipendi jibini."

"Kaseme wewe basi, kama unaweza!"

"Ningeweza ningekuwa nimeshafika kwa askofu. Mjakazi hasikilizwi. Ungesema wewe neno moja kwamba naongopa, ningechapwa mimi." Alingoja. "Wanamnyoa nywele, bibi. Zile nywele."

Wiki kadhaa Glikeria aliishi na maneno hayo bila kulala vizuri wala kula. Ningependa kuandika kwamba dhamiri ilimwelemea akaenda mwenyewe kwa askofu. Haikuwa hivyo. Alingoja mpaka siku ya kesi, akitumaini hadi mwisho kwamba kutatokea kitu kingine.

Ukumbi wa askofu ulijaa. Semni na Prodromo walisimama upande mmoja, Anisia kati yao, kichwa wazi kama desturi ya mshtakiwa. Leontio alikuwa peke yake. Katibu alisoma shtaka, kisha akamwita Glikeria athibitishe, kwa kawaida tu ya sheria, kwamba yeye ndiye aliyempokea mshtakiwa Anisia kutoka kisimani.

"Hapana," Glikeria alisema.

Katibu hakusikia vizuri. "Sema ndiyo kwa sauti, bibi."

"Nimesema hapana. Sikumpokea. Nilimtuma mjakazi wangu, Velika, amevaa joho langu. Mikono yangu haikumgusa yule mtoto siku ile. Hawa wawili si kaka na dada."

Kelele zilizopanda zilimfanya askofu apige meza. Alikuwa mzee mkavu asiyependa kushtukizwa.

"Mama yeyote angesema hivyo kumwokoa mwanawe," alisema. "Na mjakazi atasema atakavyoamriwa na bibi yake. Unasema hukuwa kanisani. Ulikuwa wapi?"

Hapo Glikeria alielewa kwamba kukiri hakutoshi. Aliufikiria uso wa Semni, akajizuia kumtazama.

"Nilikuwa katika nyumba ya watawa ya shangazi yangu, Mama Ksena."

"Anaweza kuthibitisha?"

"Anaweza. Hawezi kuwa amesahau. Niliwaeleza nilichofanya, na tulicheka sana."

Aliletwa Mama Ksena kwa kiti, kwa sababu miguu ilikuwa imekufa. Alijaribu kwanza kusema kwamba kumbukumbu za wazee ni kama maji. Askofu akamweka mkono juu ya Injili. Mtawa yule akaitazama Injili, akamtazama mpwa wake kwa chuki, akasema ni kweli. Alikuwapo. Ilikuwa Jumamosi Kuu, saa ya ubatizo. Na ndiyo, walicheka.

"Mlicheka nini?" askofu aliuliza.

"Mambo ya wanawake," Mama Ksena alisema, na askofu, ambaye naye alikuwa mtoto wa nyumba yenye jina, hakuuliza zaidi.

Hukumu ilikuwa fupi. Undugu wa kisimani hufuata mikono, si joho. Vijana hawana undugu na hawana kosa la kuhukumiwa. Mwanamke Glikeria, kwa kudanganya mbele ya kisima kitakatifu, atasimama nje ya mlango wa kanisa pamoja na wenye toba, mpaka yeye askofu atakapoona inafaa, naye atamwomba kila anayeingia amwombee.

Leontio hakumkimbilia mama yake. Alisimama alipokuwa.

"Ulijua," alisema. "Nilipokuambia najichukia, ulijua. Ukanipaka siki."

Na Anisia, ambaye alipaswa kuwa na furaha, alikuwa akiitazama mikono ya Glikeria. "Kila Pasaka nilikuwa naubusu," alisema, si kwa mtu yeyote hasa.

Kwetu mama wa kijana ndiye anayekwenda kuomba binti. Glikeria alikwenda peke yake, kwa miguu, mchana, kupita mtaa wa mafundi ambako kazi zilisimama alipopita. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipara samaki alisema kwa sauti ya kusikika, "Mtazameni vizuri, pengine ni mjakazi wake," na mtaa mzima ukaangua kicheko. Glikeria aliendelea kutembea. Mzaha ulikuwa wa haki.

Semni alikuwa karakanani, anachovya tambi za mishumaa kwenye mafuta ya moto. Hakusimamisha kazi. Prodromo alitoa kigoda, kisha akaona uso wa mkewe akabaki amekishika.

"Nimekuja kumwombea Leontio binti yenu," Glikeria alisema. "Sina haki ya kuomba. Naomba hivyo hivyo."

Semni alichovya fungu la tambi, akalitundika, akachukua jingine. "Kijana nampenda. Nimemlisha mwenyewe, najua kilichomo. Binti anamtaka. Sina la kukataa. Lakini kuna kitu nataka kwanza."

"Chochote."

"Mlicheka nini?"

Glikeria akatazama chini. "Semni, ni maneno ya kipumbavu. Nilikuwa kijana."

"Nami nilikuwa kijana. Nilikuwa nyumbani, na maziwa yanauma, nawaambia majirani mke wa nahodha ananipokelea mtoto. Kichekesho kilikuwa juu yangu, basi ni changu. Nipe."

Sufuria ilikuwa ikitokota. Prodromo alitazama dari.

"Ilisemwa," Glikeria alianza, akakwama, akaanza tena, "ilisemwa kwamba padre anapoteza mafuta matakatifu. Kwamba hayatamshika yule mtoto, kwa kuwa kazaliwa tayari amepakwa mafuta ya kondoo."

Prodromo akatoa sauti puani. Pengine kilikuwa kicheko. Alikuwa mtu mwepesi wa kucheka. Semni akamgeukia na upawa mkononi, na Prodromo akakiweka kigoda chini, akatoka nje kuwaangalia punda.

"Nani alisema? Mama yako?"

Ilikuwa rahisi sana. Evprepia alikuwa kaburini na asingelalamika, na Semni alikuwa amemwachia mlango wazi, pengine kwa makusudi.

"Mimi," Glikeria alisema. "Nilisema mwenyewe. Wao walicheka tu."

Semni alichovya tambi zake, polepole, mpaka fungu lote likavaa. Machozi yalikuwa yakimshuka na hakuyafuta, kwa kuwa mikono ilikuwa na mafuta.

"Harusi iwe kabla ya Kwaresima," alisema mwishowe. "Na anayesimama mahali pa mama wa ubatizo ni yule mwenye haki. Ukamwandikie uhuru wake, nisije nikaona mama wa binti yangu anapewa amri mezani."

Glikeria alimwandikia Velika uhuru siku ile. Velika aliweka karatasi kifuani, akasema asante kwa adabu, na kabla ya juma kwisha akahamia kwa Prodromo. Nyumba karibu na ukuta wa mashariki ikabaki na mwanamke mmoja na kijana asiyezungumza naye ila inapobidi.

Siku ya harusi kulikuwa na upepo wa Vardari, ule unaokata midomo. Glikeria alisimama nje ya mlango wa kanisa, kwenye mstari wa wenye toba, kati ya mtu aliyeapa uongo kwa ajili ya kisima cha maji na mwanamke aliyemtelekeza baba yake. Alikuwa amevaa nguo ya sufu isiyotiwa rangi. Hivyo ndivyo mama wa bwana harusi alivyohudhuria. Wageni walipita mbele yake kuingia ndani, na kwa kila mmoja ilimpasa aseme, "Niombee, mimi mwenye dhambi." Alisema kwa kaka zake, waliopita haraka wakitazama mbele. Alisema kwa wake zao. Alisema kwa yule mpara samaki, ambaye angalau aliitika. Leontio alipopita na wenzake alisema, na mwanawe alisimama, akainama, akamrekebishia nguo pale upepo ulipoipeperusha shingoni, akaingia bila neno.

Velika alipita akiwa na joho jipya, amemshika bibi harusi kiwiko. Alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja. Sidhani kama alimwona.

Wa mwisho alikuwa Semni, amechelewa kwa sababu ya jambo fulani la jikoni, anahema, na madoa ya mafuta kwenye mkono wa gauni lake la sikukuu.

"Niombee, mimi mwenye dhambi," Glikeria alisema.

Semni alikuwa amekwisha kumpita. Alirudi hatua moja. Ndani walikuwa wameanza kuimba, na mlinzi wa mlango alikuwa akimpa ishara aharakishe.

"Nitakuombea, mkwe," alisema. Alisema mkwe. Lile neno la zamani, mzazi mwenzangu, hakulisema siku hiyo wala baadaye, kwa miaka yote waliyokula meza moja na kulea wajukuu wale wale, na Glikeria, ambaye angeweza kuliomba, hakuwahi kuliomba.